Wingu Moja, Majina Mawili Yasiyojuana

Naandika haya nikiwa barazani kwangu Usagara, hii Usagara ya mjini Tanga, si ile ya milima ya Kilosa ambayo barua zangu za ujanani zilipenda kupotelea huko. Mbele yangu, upande wa magharibi, milima ya Usambara imejifunika tangu alfajiri. Nyuma yangu iko bahari. Mtu aliyekaa baina ya mlima na bahari hana udhuru wa kutoyajua mawingu. Hata hivyo nimeishi zaidi ya miaka sitini, na nimefundisha zaidi ya thelathini, kabla sijagundua kwamba sikuwahi kumfundisha mtu yeyote wingu hata moja.

Nitaanza na kisa, kwa kuwa ndicho kilichonifungua macho.

Ilikuwa Aprili, miaka kadhaa iliyopita, katika zile siku ambazo kaskazi imekwisha na kusi haijashika, siku ambazo mabaharia wetu waliziita tangambili. Mpwa wangu, aliyekuwa akivua Sahare, alinipitia usiku kabla hajashuka pwani. Alikuwa amesikiliza utabiri wa hali ya hewa, na neno moja lilikuwa limemkwama. Akaniuliza, "Mjomba, wamesema mvua na ngurumo katika maeneo machache. Maana yake mvua itakuwa chache?" Nilikuwa nasahihisha madaftari. Bila kuinua macho nikamjibu, "Ndiyo, si mvua ya kutisha." Akaniaga akaenda zake.

Walitoka wawili kwa ngalawa, yeye omo na mzee mmoja wa pale Sahare tezi. Asubuhi, jua likiwa limeshapanda, mzee aliona wingu limesimama upande wa kusini, limenenepa juu na kuwa jeusi chini. Akasema, "Ghubari lile. Tugeuze." Mpwa wangu, kijana wa kidato cha nne, hakuwahi kulisikia neno ghubari. Alitazama, akaona wingu kama mawingu mengine, akajibu kwamba redio imesema maeneo machache tu. Mzee akanyamaza. Haukupita muda mrefu ukaja upepo wa baridi, ukitangulia mvua. Mrengu ukavunjika, ngalawa ikalala ubavu. Walishikilia ubao hadi alasiri, walipookotwa na mashua iliyokuwa ikirejea. Nyavu na tanga vilipotea. Mpwa wangu alirudi baharini baada ya miezi miwili. Mzee hakurudi tena.

Nilipokwenda kumpa pole, aliniambia jambo ambalo sijalisahau. "Mwalimu, mimi nililiona. Nilinyamaza kwa kuwa nilidhani redio inajua nisilolijua mimi." Nami nilikaa pale juu ya mkeka wake nikiwa na aibu ambayo hakuijua. Kwanza, jibu langu la usiku ule lilikuwa la kizembe, maana utabiri haukukosea hata kidogo. Maeneo yalikuwa machache kweli, na moja lilikuwa lile ilipokuwapo ngalawa. Pili, mpwa wangu nilimfundisha mwenyewe darasani. Katika mtihani wa Jiografia aliulizwa ni wingu gani huleta radi na mvua ya ghafla, akaandika kumulonimbasi, nikampa alama zote. Kijana alilijua jina la lile wingu, na mzee pia alilijua. Walikuwa chombo kimoja, wakilitazama wingu moja, kila mmoja ana jina lake, na majina yale mawili hayajuani. Ndiyo maana hayakuwafaa kitu.

Hoja yangu leo ni hiyo, wala si kubwa zaidi ya hiyo. Wingu lenye majina mawili yasiyojuana ni sawa na wingu lisilo na jina. Kazi ya kuyajulisha majina hayo si ya wataalamu wa hali ya hewa peke yao. Ni yetu sisi walimu, washairi na watu wa kamusi, nasi tumeikimbia.

Niseme nilivyoikimbia mimi. Nilikuwa na masomo mawili, Kiswahili na Jiografia. Kipindi cha kwanza niliingia darasani kufundisha methali, nikaandika ubaoni "Dalili ya mvua ni mawingu," tukajadili maana ya ndani na maana ya nje, tukatoka. Kipindi cha tatu niliingia darasa lile lile, safari hii kwa Kiingereza, nikachora mawingu na majina yake ya Kilatini. Miaka yote hiyo sikuwahi kusema, "Wanangu, mawingu haya ndiyo yale ya kipindi cha kwanza." Sikuwatoa hata nje. Chuo cha ualimu tulifundishwa kanuni ambayo kila mwalimu anaijua: mpeleke mwanafunzi kutoka analolijua hadi asilolijua. Mimi niliwachukua kutoka wasilolijua hadi wasilolijua, na katikati tukaliruka paa la shule na yote yaliyokuwa juu yake.

Jambo linalonichekesha, au kuniliza, ni kwamba yale majina ya Kilatini hayana siri yoyote. Mwaka 1802 Mwingereza Luke Howard, aliyekuwa mtengenezaji wa dawa na kemikali na si profesa, alisoma mbele ya wenzake mjini London maelezo kuhusu namna za mawingu. Aliyapa majina manne ya msingi. Sirasi ni shungi la nywele. Kumulasi ni lundo. Stratasi ni kilichotandazwa. Nimbasi ni wingu la mvua. Basi! Kutokana na manne hayo, kwa kuyaunganisha na kuongeza neno moja la kuonyesha kimo, wataalamu walipata jamii kumi za mawingu zinazotumika duniani kote hadi leo. Howard alifanya kile kile alichofanya bibi yangu alipotoka uani asubuhi akasema, "Leo limetanda." Stratasi ya Howard na kutanda kwa bibi ni kitenzi kimoja katika lugha mbili. Lakini mwanafunzi wangu aliikariri stratasi kana kwamba ni jina la dawa, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ndani yake mna tandiko.

Washairi wapendeni watu kama Howard. Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, alimwandikia mashairi ya kumsifu, naye hakuona haya kwamba anamsifu mtu wa mizani na chupa. Aliona kwamba aliyekipa jina kitu kisichotulia amefanya kazi ya mshairi.

Sasa najua wapo watakaosimama na kusema, "Vema, tuitupe Kilatini, tutumie Kiswahili pekee." Sikubaliani nao, na historia hainiachi nikubali. Mwaka ule ule wa 1802, Mfaransa Lamarck alichapisha orodha yake ya mawingu kwa majina ya Kifaransa. Hayakushika. Ya Howard yalishika kwa kuwa Kilatini hakikuwa lugha ya mama ya yeyote, hivyo hakuna taifa lililojiona limemezwa. Rubani anayeshuka Dar es Salaam na mwenziwe anayeshuka Muscat wanahitaji neno moja. Tuwaachie neno lao. Ninachodai ni kwamba neno letu lisimame kando ya hilo, katika kitabu kimoja, mstari mmoja, ili kijana akisoma kumulonimbasi amsikie na mzee wa Sahare.

Basi tulinganishe, nami nitaanza kwa yale niliyoyakulia hapa Tanga, nikiongeza mapendekezo yangu pale penye pengo. Anayejua zaidi anisahihishe.

La kwanza ni utando. Ni wingu la chini lililotandazwa kama shuka, lisilo na umbo wala kingo. Jua huonekana kama sahani ya bati au halionekani kabisa. Hutoa manyunyu, mara chache zaidi ya hapo. Hiyo ndiyo stratasi. Milimani Usambara wingu la namna hiyo likigusa ardhi huitwa ukungu, na hapo mwanafunzi hujifunza jambo la maana: ukungu na wingu ni kitu kimoja, tofauti ni mahali uliposimama wewe.

La pili ni mavundevunde. Nyumbani kwetu tuliyaita hivyo mawingu yaliyoachanachana, meupe, yenye anga la buluu katikati. Yatazame chini: vitako vyao vyote viko usawa mmoja, kana kwamba vimewekwa juu ya kioo. Sababu ni kwamba hewa yenye mvuke inapopanda hupoa, na kwenye kimo fulani mvuke ule hugeuka matone madogo. Kimo hicho kwa asubuhi hiyo ni kimoja kwa mawingu yote ya jirani. Hizi ni kumulasi za hali njema. Mwanamke anayeanika mwani au dagaa akiyaona mchana wa Julai anaweza kuendelea na kazi yake.

La tatu ni ghubari. Hili ni mavundevunde yaliyokataa kukaa chini. Joto na unyevu vikizidi, wingu moja hupanda na kupanda, na katika nchi za joto kama yetu kilele chake huweza kupita kilomita 15. Huko juu hulika na kutandaa kama fuawe la mhunzi. Ndani yake hewa hupanda na kushuka kwa nguvu, na ile inayoshuka na mvua hufika chini ikiwa baridi, kisha husambaa mbele ya wingu. Ule upepo wa baridi uliomvunjia mpwa wangu mrengu haukuwa ajali, ulikuwa mjumbe. Neno ghubari asili yake ni Kiarabu, na huko lina maana ya vumbi, nasi pia hulitumia hivyo. Lakini mabaharia wetu walilipa na maana ya wingu la mvua, na kamusi zetu zimeitunza maana hiyo. Kumulonimbasi haina tafsiri bora kuliko hiyo, na haihitaji kubuniwa. Inahitaji kukumbukwa.

La nne ni wingu la masika lenyewe, lile la kijivu lililoshiba, lisilo na ngurumo nyingi, linalonyesha saa nyingi mfululizo bila hasira. Wataalamu huliita nimbostratasi, yaani wingu la mvua lililotandazwa. Sisi tulisema tu "limefunga." Nadhani "fungo la mvua" lingefaa, nami naliweka hapa mbele yenu kama pendekezo, si kama sheria.

La tano ni yale ya juu kabisa, membamba, meupe, yaliyochanwa kama nywele. Kwa nchi zetu huanzia kiasi cha kilomita 6 kwenda juu, na huko si matone tena, ni chembe za barafu. Hizo ndizo sirasi. Sikuwahi kusikia jina lake mahususi Tanga. Howard aliona shungi la nywele, mimi naona usinga, ule wa mkononi mwa mganga na mwa mzee wa ngoma. Tuyaite mawingu ya usinga. Na yale ya kimo cha kati yaliyojipanga vipande vidogo vidogo, altokumulasi kwa jina la kitabuni, mtu wa pwani atayaitaje kama si magamba?

Mtaona kwamba katika haya matano ni mawili au matatu tu yaliyohitaji kutafutiwa jina. Mengine yalikuwa uani kwetu. Na hapo sijataja vitenzi, ambavyo ndivyo utajiri wetu hasa: mawingu hutanda, hufunga, hutawanyika, mbingu hutakata, mvua hupusa, kianga hutoka baada ya mvua. Kiswahili kinaitazama mbingu kama mtu anayefanya kazi. Si haba.

Nigeukie sasa utabiri wenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza kwa Kiswahili, na kwa hilo nawapa heshima yao. Kazi yao inaona mahali ambapo jicho la mzee wa Sahare haliwezi kufika. Mzee huliona ghubari likiwa mbele yake, wao hujua tangu jana kwamba hali ya kulizaa ipo. Hakuna busara ya kuchagua kimoja na kuacha kingine. Utabiri hukupa siku na mkoa, wingu hukupa saa na shamba lako. Lakini ili viwili hivi visaidiane, lazima visemezane, na hapa ndipo naona maneno matatu yanayohitaji msaada wetu.

Neno la kwanza ni hilo lililomponza mpwa wangu. "Mvua katika maeneo machache" ni kauli sahihi kwa mtaalamu: inahesabu maeneo. Sikio la Mswahili hulipokea "machache" na kulibandika kwenye mvua. Ingetosha kuongeza kipande kimoja: "sehemu chache, lakini itakapofika huenda ikawa kubwa." Ni maneno machache zaidi, na huenda yakarudisha watu zaidi pwani.

Neno la pili ni "wastani." Kila msimu tunaambiwa mvua za masika zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini yake. Mtaalamu ana maana ya mvua iliyozoeleka mahali hapo, ikipimwa kwa miaka thelathini. Lakini ukimwuliza jirani yangu hali yake naye akakujibu "wastani tu," ana maana kwamba hali si nzuri sana. Basi akisikia masika ya wastani anadhani mvua itakuwa dhaifu, hazibui mtaro wake, ilhali masika ya kawaida ya Tanga ni maji mengi. "Mvua kama tulivyoizoea" ingemfikia. Si lugha ya kitoto hiyo, ni lugha inayofika.

La tatu ni ngazi ya maonyo: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Kwenye picha zina rangi zake, njano, machungwa na nyekundu, na rangi husaidia. Redioni hakuna rangi. Mtu wa kawaida hajui kwamba angalizo liko ngazi ya chini ya tahadhari, kwa sababu katika usemi wetu wa kila siku maneno hayo ni ndugu wa baba mmoja, hakuna mkubwa wala mdogo. Ninapendekeza mtangazaji aseme kila mara, "angalizo, ngazi ya kwanza kati ya tatu." Pumzi moja tu.

Kwamba neno likiwa letu linafika, tumekwisha kuona. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu na kuelekea Mafia, hakuna aliyeniuliza kimbunga ni nini. Neno lile lina upepo ndani yake, hata mtoto husikia mbio zake. Boti za kwenda Unguja zilisimama, na hapa Tanga watu walivuta vyombo juu ya mchanga bila kujadili msamiati. Na tusijidanganye kwamba Kiswahili hakiwezi kupokea jipya: "tabianchi" lilikuwa neno geni juzi tu, leo mkulima wa Handeni analitamka akilalamikia jua. Baraza la Kiswahili la Taifa likikaa meza moja na Mamlaka ya Hali ya Hewa, pamoja na mvuvi mmoja na mkulima mmoja, orodha ya maneno hamsini inaweza kupatikana kwa siku tatu. Najua mikutano ilivyo. Nasema tena: siku tatu.

Niwageukie wenzangu wa kalamu, na hapa naomba msinikasirikie, maana najisema nami. Wingu katika mashairi yetu limekuwa na kazi moja tu, nayo ni kulia. Wingu la huzuni, wingu la simanzi, wingu zito limetanda. Waandishi wa magazeti wamelichukua kutoka kwetu, na sasa kila msiba una wingu. Nenda Februari upande wa Handeni, mahindi yamejikunja na visima vimepungua, halafu mwambie mkulima kwamba wingu ni huzuni. Atakushangaa. Kwake wingu ni barua njema. Nenda basi ukakae na kijana wa Amani, ambako pepo za bahari hupandishwa na mlima na kugeuka mvua, halafu uvuke upande wa pili hadi Mkomazi, ambako pepo zile zile hufika zimeshajikamua. Watu hawa wawili hawatengwi na masafa makubwa, lakini wingu la mmoja si wingu la mwingine. Mshairi anayesema "wingu" bila kusema lipi anawanyima wote wawili.

Mimi mwenyewe nina shairi la zamani ambamo nilimliza mpenzi chini ya "wingu jeusi la kipupwe." Wakati ule nililiona zuri. Kipupwe cha Tanga ni cha baridi kavu na mavundevunde meupe, na vijimvua vya mchoo vikija huja vyepesi na kwenda. Wingu langu jeusi lilitoka kitabuni, tena kitabu cha nchi nyingine. Mzee wa Sahare angenisomea shairi lile angecheka, na angekuwa na haki. Ukweli wa jambo haupunguzi utamu wa shairi, huupa mahali pa kusimama. Kama wingu lako ni la huzuni, niambie ni utando usioisha, unaokaa siku tatu bila kunyesha wala kuondoka. Huzuni ya namna hiyo nitaielewa. Kama ni hasira, nipe ghubari na upepo wake wa baridi unaotangulia. Kama ni matumaini ya mbali yasiyofika chini, nipe usinga. Lugha imetupa mbingu nzima, nasi tunatumia pembe yake moja.

Kuna atakayesema kwamba haya ni mambo ya wazee, na kwamba kijana ana simu inayomwonyesha mvua kwa picha. Simu ni njema, nami ninayo. Lakini picha yake ya kiwingu na matone matatu ni ile ile kwa utando na kwa ghubari, na mtandao hupotea ukishapita kisiwa cha Yambe. Wala sidai kwamba dalili za wazee hazikosei. Hukosea, na misimu imeanza kuyumba kiasi kwamba baadhi ya hesabu zao hazilali tena mahali pake. Ndiyo maana nataka zikae pamoja na utabiri, kila moja ikimkosoa mwenzake. Siku ile, laiti kijana angejua kwamba ghubari ni kumulonimbasi, angeyakumbuka yote niliyomfundisha juu yake: kimo, radi, upepo unaoshuka. Yalikuwa kichwani mwake yote. Yalikosa mlango. Na laiti mzee angejua kwamba alichokiona na kile redio ilichokiita "ngurumo" ni kitu kimoja, asingelinyamazia jicho lake.

Nimestaafu sasa, lakini jirani yangu anafundisha shule ya msingi hapa karibu, na mara moja kwa juma huniruhusu kukaa na watoto uwanjani kwa nusu saa. Hatuna kitabu. Tunatazama juu, kila mtoto anasema anachokiona, kisha nawapa jina letu, na mwisho lile la Howard. Wiki iliyopita binti mmoja aliniambia, "Babu, lile la mlimani limevaa kanga." Nikamwambia hilo halimo katika orodha yangu, na ni kosa la orodha.

Kwa ajili ya watoto hao nimetunga beti mbili za kukariri. Hazina makuu, zina kazi.

Mavunde yakiachana, kama pamba kupasuka,
Chini sawa yafanana, juu yametutumuka,
Anika vyako mchana, ila jioni kumbuka,
Ghubari likisimama, baharini usingie.

Utando unapokaza, hauna la kutishia,
Jua hulififiliza, mwanga ukitufikia,
Nyunyu ndogo hudondoza, kisha hutupungukia,
Ghubari likisimama, baharini usingie.

Usinga, magamba na fungo la mvua bado havina ubeti. Nawaachia ninyi. Anayetaka kuuendeleza ashike kibwagizo hicho hicho, achunge mizani, na kabla hajaandika mstari wa kwanza, atoke nje akatazame. Mpwa wangu ameshakikariri. Huniimbia kila anapopita hapa barazani kwenda Sahare, nami siku hizi nikiulizwa swali huinua macho kwanza.